Bitana ya Koti la Mgeni

Mliponiacha wiki iliyopita nilikuwa nimesimama mlangoni na mkasi mkononi, binti yangu ananitambulisha kwa mwanamke wa nchi nyingine mwenye mvi, begi lenye kufuli, na koti zito mkononi wakati sisi wengine tunajipepea kwa magazeti.

Mikosi yangu ya nyuma mnaijua. Nilimzika mume, kiwanda cha sare kikatufungia geti, nikaanza upya na cherehani moja sebuleni. Mtu aliyepitia hayo akiletewa mgeni haulizi kama amechoka. Anajiuliza huyu naye amekuja kuchukua nini.

"Atakaa kwetu siku nane," binti akasema.

"Kwetu wapi?"

"Hapa, mama. Nilikuambia mwezi uliopita. Ule mtandao wa wenyeji na wasafiri. Unampokea mtu bure, na wewe siku ukisafiri unapokewa."

"Mimi nasafiri kwenda wapi?"

Akacheka, akamshika mgeni mkono, akampeleka chumba changu cha kukatia vitambaa. Godoro lilikuwa limeshatandikwa kati ya marobota. Alikuwa ameandaa kila kitu kabla sijakubali. Hilo nililiona, nikaliweka akiba.

Niseme mapema ili tuelewane. Sikuwa naogopa kuibiwa vyombo. Binti huyu ana miaka ishirini na mitatu, anafanya kazi karakana ya hospitali, wanakotengeneza miguu ya bandia, na ndiye mtu pekee niliyebaki naye. Nikikohoa usiku, yeye ndiye anayegonga ukuta kuuliza kama nimekunywa dawa. Nilichokuwa naogopa kuchukuliwa ni yeye.

Kabla ya jioni jirani yangu akawa ameshafika. Mtaani tunamwita Redio, na mwenyewe anaitika. Alijifanya amekuja kuazima sindano.

"Ndiye huyo?" akauliza, anachungulia koridoni.

"Ndiye."

"Hawa hawaji hivihivi, mwenzangu. Wanatafuta wasichana. Binti anaahidiwa shule, akifika huko anawekwa jikoni, pasipoti inafungiwa kabatini. Habari huna?"

"Nitakosaje habari na wewe upo?"

"Shauri yako. Na watu wa kwao ni wachoyo, chumvi wanahesabu punje. Kuoga ndiyo usiseme, mwezi kwa mwezi."

Mlango wa bafu ukafunguliwa, mgeni akatoka nywele zinachuruzika maji. Ilikuwa mara ya pili anaoga tangu afike. Akatutazama, akasema polepole kwa lugha yetu, "Karibu ukae. Chai ipo."

Redio akaisahau sindano, akaondoka.

"Mbona hukuniambia anaelewa tunavyosema?" nikamuuliza binti.

"Nilikuambia, mama. Amejifunza miaka miwili kwa jirani yake, muuguzi aliyetoka huku. Ulikuwa unatia uzi kwenye mashine, ukaitikia tu."

Hilo nalo nikaliweka akiba. Kama lugha yetu anaijua, kwa nini yeye na binti wakiwa wawili walizungumza ya kwao mgeni, ile binti anayojifunza kwenye simu? Nikipita na ndoo, kimya. Nikishapita, wanaendelea. Nyumba ni yangu, nami ndani yake nikawa kama mpangaji.

Kulikuwa na mengine. Akilala alikuwa anaegemeza kiti mlangoni. Asubuhi nikifagia niliona mikwaruzo ya miguu ya kiti sakafuni. Nikajiuliza mtu mwema anajifungia kwa sababu gani.

Siku ya pili nilimkuta sebuleni ameshika gauni la mteja wangu, mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Alikuwa amelipindua ndani nje, anasogeza mishono karibu na jicho.

"Unatafuta nini humo?"

"Naangalia."

"Umeona wadudu?"

"Hapana, mama. Safi. Safi sana."

Nikalichukua gauni langu huku nimetabasamu kwa meno tu. Na hilo neno mama lilinichoma. Mvi alinishinda kwa mbali, lakini binti alimfundisha kwamba ndiyo heshima, basi kila sentensi, mama hiki, mama kile. Kumkosoa sikutaka, nikanuna kimyakimya.

Halafu koti. Moyoni nilishambatiza Bibi Koti. Halikumtoka. Akila limelala mapajani, akienda uani kuanika nguo limening'inia begani. Tena lilikuwa la kiume. Vifungo upande wa kulia, jambo hilo halimpiti fundi. Nilipomweleza Redio, hakuchukua muda kutoa hukumu.

"La wizi," akasema.

"Umejuaje?"

"Mwenye haki anavaa koti la nani?"

Sikuwa na jibu, na mtu asiye na jibu anakubali la jirani.

Siku ya nne nikawakuta jikoni. Mgeni alikuwa ameishika mikono ya binti yangu, ameigeuza viganja juu, anaikagua. Waliponiona, binti akaivuta mikono yake.

"Mikono mizuri," mgeni akaniambia. "Mikono ya kazi."

Kazi gani? Nikaliona lile jiko alilolitaja Redio, na mwanangu amesimama mbele ya masufuria ya watu. Siku hiyo nilishona mfuko wa suruali ya mteja juu chini.

Siku ya tano binti akaomba ruhusa kazini ili mgeni akaione karakana yao. Jua lilikuwa limewaka kuanzia asubuhi, na nadhani lilishinda ubishi wa Bibi Koti. Kwa mara ya kwanza aliliacha. Alilitundika nyuma ya mlango wa chumba cha vitambaa, wakaondoka wanacheka.

Nilikaa kwenye cherehani kama dakika kumi. Nikashona mstari mmoja, nikaufumua. Kisha nikajiambia nakwenda kuchukua zipu chumbani.

Zipu sikuchukua.

Nilijiambia nitalishika tu. Lilikuwa zito, la sufu nzuri, na mikono yangu ikaanza kulisoma yenyewe, kama inavyosoma nguo yoyote. Bitana yote ilishonwa kwa mashine, isipokuwa nafasi ya upana wa kiganja chini ya mfuko wa kushoto. Hapo palishonwa kwa mkono, mishono midogo, imepangana, hata nikamwonea wivu aliyeishona. Nikabonyeza. Kulikuwa na kitu kigumu chenye pembe nne.

Nikajiambia nitafumua nyuzi mbili. Mnajua mambo ya nyuzi mbili. Nilichukua wembe, na kabla sijajua nimefumua nafasi nzima na mkono wangu uko ndani.

Ilitoka pasipoti. Nikaifungua, nikijua nitamwona Bibi Koti ananikodolea macho. Niliyemwona ni mwanangu.

Ilikuwa imetolewa miezi minne iliyopita. Visa ya nchi ya mgeni ilikuwa imeshabandikwa. Mimi mama yake mzazi sikuwa nimeambiwa hata nusu ya neno.

Nikakaa juu ya marobota. Kila alichosema Redio kilikuwa mkononi mwangu: mgeni asiyekuja hivihivi, visa, pasipoti iliyofichwa. Nililia, na nililia kwa hasira.

Sasa nisikilizeni nilichofanya, maana ndicho kinachonifanya niandike. Mwanamke mwenye akili angesubiri watu warudi akauliza. Mimi niliikunja pasipoti ndani ya khanga yangu kiunoni. Nikaenda kwenye boksi langu la mabaki, nikakata kipande cha kanvasi ngumu, ile ya kukazia kola, kwa kipimo kilekile. Nikakitia ndani ya bitana ili mtu akibonyeza asikie ugumu. Nikashona upya, mishono midogo kama ya mwanzo, nikapiga pasi ya haraka, nikalirudisha koti nyuma ya mlango.

Nilijitazama kwenye kioo cha wateja. Nilionekana kama kawaida, na hilo lilinitisha kidogo.

Redio alikuwa uani kwake anaanika. Nikamwita dirishani.

"Nimepata ushahidi," nikamwambia.

Hata hakuuliza wa nini. "Nilikuambia mimi. Nikimaliza nguo hizi tunakwenda ofisi ya mtaa. Waje wamchukue na koti lake."

"Binti atanichukia."

"Atakuchukia akiwa hapa. Bora hivyo."

Nikaona amesema kweli.

Mchana mgeni akarudi peke yake. Binti alibaki kumaliza kazi. Alinisalimu, akaingia chumbani. Nikasikia kigingi cha kutundikia nguo nyuma ya mlango kikigusa ukuta, maana yake koti limeshushwa. Nikakanyaga cherehani bila kitambaa ili kelele ziwepo.

Mlango ukafunguliwa. Alitoka na koti amelipindua ndani nje, akavuta kigoda cha wateja, akakaa mbele yangu. Hakupandisha sauti.

"Mama, mimi nashona kwa mkono wa kulia," akasema. "Mishono yangu inalala hivi." Akalaza kidole upande mmoja. "Hii ya leo inalala hivi." Akakilaza upande wa pili. "Nyumba hii, nani anatumia kushoto?"

Nilikuwa nimeshika mkasi kwa kushoto, kama nilivyoushika tangu nipate akili. Nikauweka mezani, lakini ilikuwa kazi bure.

"Wewe unajuaje mambo ya mishono?" nikauliza. Mwizi akibanwa huwa anauliza maswali.

"Nashona makoti. Miaka thelathini na minne. Binti hakukuambia?"

Yawezekana aliniambia wakati natia uzi. Siku tano nimelala nyumba moja na fundi mwenzangu, na sikumuuliza hata mara moja mkono wake unafanya nini duniani. Nilidhani watu wa kwao hawana kazi, wana safari tu. Lile gauni la mwalimu mkuu alilipindua kama ambavyo mimi napindua nguo kila nikiingia dukani mwa watu. Fundi gani asiyechungulia ndani ya kazi ya mwenzake? Alikuwa ananisifu kwa neno moja alilolijua, nami nikamuuliza wadudu.

"Kanvasi umekata vizuri," akaendelea. "Kipimo sawasawa. Kama si mishono kulala, nisingejua."

Angenitukana ningepumua. Sifa hiyo ilinimaliza. Lakini mtu aliyekwisha kuanza ugomvi hapendi kuuacha njiani, nikajikaza.

"Nawe utanieleza pasipoti ya mwanangu inafanya nini ndani ya koti lako. Unataka kumpeleka wapi? Umemwahidi nini?"

"Sikumwahidi. Yeye aliandika. Chuo kimempokea, cha viungo bandia, mji wangu. Miaka miwili. Atalala chumba cha mwanangu. Nilikuja kwanza hapa, kwa sababu nilisema, siwezi kumchukua mtoto wa mtu bila kumwona mama yake."

"Na pasipoti?"

"Alinipa nimtunzie mpaka Ijumaa. Tunaondoka wote Ijumaa." Akasita, akatafuta maneno. "Aliniambia, katika nyumba hii karatasi zinapotea."

Wasomaji wangu, hapa ndipo nimekuwa nikiwazungusha tangu sehemu ya kwanza. Niliwaambia kwamba mwaka juzi binti yangu alipata nafasi ya masomo nje, na kwamba aliikosa kwa sababu pasipoti ilipotea tulipokuwa tunapaka rangi nyumba. Niliwaambia tuliitafuta siku tatu. Wengine mkanipa pole kwa barua, na pole zenu nilizipokea. Kutafuta tulitafuta kweli. Ila mmoja wetu alikuwa anajua iliko.

Niliinua godoro lake. Nilipekua mifuko ya rangi. Nilimshika mabega alipokuwa analia na kumwambia huenda Mungu ana mpango mwingine. Na muda wote huo pasipoti ilikuwa ndani ya mto wa kiti changu cha cherehani, nilimoishona mimi mwenyewe kwa mkono huuhuu. Miaka miwili niliikalia.

Mgeni alinitazama tu. Nikaelewa kwamba anasubiri, na kwamba hana haraka. Sijui kilichonipata. Mama yangu mzazi hakuwahi kunikamua siri, mume hakuwahi, Redio na umahiri wake wote hajawahi. Nikainuka, nikautoa mto kwenye kiti, nikaupeleka wembe kwenye pindo.

Sufi ikamwagika sakafuni. Nikaingiza mkono, nikaitoa ile pasipoti ya zamani, nikaiweka mezani. Kisha nikaifungua khanga kiunoni, nikaweka ile mpya kando yake.

"Karatasi hazipotei," nikamwambia. "Nilizificha mimi. Zote mbili."

Hakushtuka, na hakunitazama kwa kinyaa. Alichukua ile ya zamani, akaifuta vumbi la sufi kwa kiganja, akairudisha taratibu.

"Koti hili," akasema, "nilimshonea mwanangu. Alipata kazi mbali. Baridi, mbali sana. Akasema, mama, nishonee koti, nikiwa na koti naondoka. Nikakata. Nikashona mkono mmoja. Kisha nikasema kitambaa kibaya, nikafumua. Nikashona tena, nikafumua. Wiki tatu. Ningemaliza siku nne."

"Ukamchelewesha."

"Aliondoka bila koti. Alipata homa ya mapafu."

"Yuko wapi sasa?"

"Yupo, mzima. Ananipigia siku ya kuzaliwa." Akaipapasa sufu. "Nilimalizia baada ya kuondoka. Nilimpelekea, akarudisha. Basi navaa mimi."

Nikaenda kumimina chai.

"Kwetu waliniambia," akasema alipopokea kikombe, "funga begi, weka kiti mlangoni, kila cha thamani shona ndani ya nguo. Huko watu wanaiba."

"Nami nikawathibitishia."

"Sana."

"Utakwenda kuwaambia nini?"

Akafikiri. "Nitasema niliibiwa na fundi hodari."

Nikacheka, na nikicheka nikaona machozi yananitoka, nikayaacha. Yeye pia alicheka, akijifuta kwa bitana ya koti. Nikamweleza kwamba huku tuliambiwa watu wa kwao hawaogi. Akasema kwao waliambiwa hivyohivyo kuhusu sisi. Nikamweleza kuhusu punje za chumvi, akasema hilo ni kweli, lakini ni kwa dada yake tu.

"Usiniite mama," nikamwambia. "Una mvi nyingi kuliko mimi. Niite dada."

"Dada," akasema, akajaribu tena. "Dada mwizi."

Kichwa cha Redio kikajitokeza dirishani, amejifunga kitambaa kipya cha kwendea ofisini.

"Tunakwenda?" akaninong'oneza, macho yako kwa mgeni.

"Nenda wewe. Waambie mwizi amepatikana. Anakaa nyumba hii na anashona kwa kushoto."

Alisimama hapo kidogo, akinitazama mkono. Kisha akaondoka bila neno, na katika miaka yote ya ujirani wetu sikuwahi kuliona hilo.

Tulipobaki wawili, mgeni akawa mkali. Wakali wa aina hiyo wanashusha sauti badala ya kuipandisha.

"Mwambie leo, dada. Kabla ya chakula. Mimi sitasema, hiyo si kazi yangu. Lakini Ijumaa nitampa pasipoti mkononi mwake, umesema au hujasema."

"Akijua, ataondoka na hatarudi."

"Asipojua, ataondoka hivyohivyo. Na wewe utabaki na mto."

"Unadhani atanisamehe?"

"Mimi nashona makoti tu," akasema. "Hilo sijui."

Tukakubaliana. Binti hurudi saa kumi na moja. Ilikuwa saa tisa na nusu. Nilikuwa na saa moja na nusu ya kuokota sufi, kuosha uso na kupanga maneno. Mgeni akaleta kigoda karibu, akachukua sindano, akaanza kuirekebisha bitana, na huku anashona ananionyesha anavyoanza na anavyokata uzi. Nikamwonyesha vyangu. Akajaribu kwa kushoto, ikamshinda, akanijaribisha kulia, ikanishinda zaidi. Kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe nilikuwa nimekaa na mtu wa kazi yangu, na niliona raha ambayo sikuistahili.

Nikaanza kufanyia mazoezi maneno yangu, kwa sauti ya chini, mbele yake. "Mwanangu, kuna jambo." Akatikisa kichwa. "Mwanangu, mwaka juzi." Akatikisa tena. "Anza na wewe," akasema. "Sema, mimi."

"Mimi," nikasema.

"Umeme umekatika kazini," ikajibu sauti mlangoni. "Wameturuhusu mapema."

Binti yangu alikuwa ameshaingia, viatu mkononi, anatabasamu kwa kutuona tumekaa bega kwa bega. Hilo ndilo alilokuwa analiomba siku zote tano, na aliliona kwa muda wa pumzi moja. Kisha macho yake yakashuka mezani.

Aliweka viatu chini, akaja, akaichukua ile mpya kwanza. Akaangalia koti lililofumuliwa mapajani mwa mgeni. Halafu akaichukua ya zamani. Aliifungua kwenye picha, akajitazama alivyokuwa miaka miwili iliyopita, nywele fupi. Punje ya sufi ilikuwa imenasa ukurasani. Akaitoa kwa ukucha.

"Ilikuwa wapi?" akauliza.

Mdomo wangu ulifunguka, na lile neno mimi tulilolifanyia mazoezi halikutoka. Mgeni hakunisaidia. Alikuwa ameniambia hatanisaidia. Nikauonyesha mto kwa kidole.

Akautazama mto, akakitazama kiti, akanitazama mimi.

"Ulinishika mabega," akasema. "Nilipolia. Ulikuwa umetoka kukaa hapo."

"Mwanangu, mimi..."

"Siku tatu, mama."

Nilitaka anipigie kelele. Ningejua pa kushika. Lakini aliziweka pasipoti zote mbili kwenye mfuko wa sare yake ya kazi, akaufunga kifungo, akamgusa mgeni begani alipopita, mimi akanipita kama fanicha. Mlango wa chumba chake ukafungwa polepole, bila kubamizwa.

Nikainuka. Mgeni akanishika mkono, ule wa kushoto, akatikisa kichwa. Tukabaki tumesimama tunasikiliza kama watoto waliovunja sahani.

Kabati likafunguliwa. Kikaburutwa kitu chini ya kitanda. Tiketi zilisema Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumanne, lakini magari ya kwenda uwanja wa ndege hupita kila saa, hilo nalijua mimi na analijua yeye.

Kisha ikaja sauti ya zipu ya begi, ndefu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nimeshona zipu miaka ishirini na sita, na kwa kuisikia tu sikuweza kujua kama inafunguliwa au inafungwa.